Skrini ya Kompyuta: Kuitunza na Kutafuta Kasoro

Skrini ndiyo sehemu ya kompyuta inayotuonyesha maandishi na picha. Skrini ya kompyuta ya mezani huwa na nyaya mbili. Waya mmoja huleta umeme. Wa pili huleta picha kutoka katika kompyuta. Skrini ikiwa giza, watu wengi husema, "Imekufa." Mwanasayansi hasemi hivyo kabla ya kuchunguza.

Jinsi picha inavyofanyika

Chukua kioo cha kukuzia, utazame mahali peupe katika skrini inayowaka. Utaona vipande vidogo sana vya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Rangi hizo zikiwaka pamoja, jicho huona nyeupe. Skrini yenye nukta 1,920 kwa mlalo na 1,080 kwa wima ina nukta zaidi ya 2,000,000. Skrini bapa nyingi huwa na taa nyuma ya nukta hizo ili zionekane.

Kutafuta kasoro

Jaribu jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili mambo mawili pamoja, hutajua ni lipi lililosaidia. Fanya kazi hii pamoja na mwalimu wako.

1. Tazama taa ndogo iliyo ukingoni mwa skrini. Ikiwa haiwaki, bonyeza swichi ya skrini. Kisha mwalimu achunguze plagi na soketi.

2. Ikiwa taa inawaka lakini hakuna picha, zima kompyuta na skrini. Kaza waya wa picha katika ncha zake zote mbili, kisha washa tena.

3. Ikiwa bado ni giza, mulika skrini kwa kurunzi kutoka upande. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma haifanyi kazi. Hiyo ni kazi ya fundi.

4. Unganisha skrini na kompyuta nyingine kwa waya mwingine. Picha ikitokea, skrini ni nzima. Kasoro imo katika waya au kompyuta ya kwanza.

Pengine picha ipo, lakini rangi si sahihi. Katika waya wa picha wa aina ya VGA, kila rangi hupita katika uzi wake. Uzi wa nyekundu ukikatika, mahali peupe huonekana pana mchanganyiko wa kijani na buluu.

Kuitunza skrini

Zima skrini, chomoa plagi, uiache ipoe. Ipanguse polepole kwa kitambaa laini na kikavu. Uchafu ukiganda, lowesha kitambaa kidogo kwa maji safi. Usinyunyize maji juu ya skrini, kwa maana hupenya ukingoni. Usizibe matundu ya kupitishia hewa.

Hatari!

Usifungue skrini kamwe. Skrini za zamani zenye kisogo kirefu zina bomba la kioo lililoondolewa hewa. Bomba la namna hiyo lilibuniwa na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani mwaka 1897. Katika skrini za rangi za aina hiyo, umeme hufikia volti 20,000 au zaidi, na waweza kubaki ndani hata plagi ikiwa imechomolewa. Umeme huo waweza kuua.

Maswali

1. Kwa nini tunajaribu jambo moja kwa wakati mmoja?
2. Kurunzi hutusaidia kugundua kasoro gani?
3. Kwa nini kuchomoa plagi hakutoshi kuifanya skrini ya zamani kuwa salama kufunguliwa?