Amua Kabla Kitita Hakijakufunga

Wachezaji wengi wa poka humaliza mtaji wao kwa kauli moja: "Nimeshaweka nyingi mno, siwezi kurudi nyuma." Katika Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, ambako mtu anaweza kusukuma mezani kila alichonacho wakati wowote, kauli hiyo ni hatari. Chipu zikishaingia kwenye kitita si zako tena. Kinachokufunga ni bei unayotakiwa kulipa sasa, ukiilinganisha na utakachovuna na nafasi yako ya kushinda.

Tuchukue mfano. Wewe na mpinzani wako mmeanza na chipu 6,000 kila mmoja, na madau ya lazima ni 100 na 200. Unapandisha hadi 600, yeye anafuata, wengine wote wanatupa karata. Kitita ni 1,500. Zinafunuliwa karata tatu za kwanza. Unaweka 1,000, anafuata. Kitita kimefika 3,500 na umebakiwa na 4,400. Inakuja karata ya nne, unaweka 2,400. Mpinzani anasukuma zote, 4,400.

Unadaiwa 2,000 ili ugombee 10,300. Gawanya 2,000 kwa 12,300: unahitaji kushinda takriban mara moja katika kila sita. Ukiwa na kopa mbili mkononi na mbili ziko mezani, zimebaki kopa 9 kati ya karata 46 usizoziona, karibu asilimia 20. Ikiwa kopa ya tano itakupa ushindi, fuata, hata kama kwa sasa umezidiwa. Lakini ukiwa na ree mbili, na una yakini kwamba mwenzako ana tatu za aina moja, tegemeo lako ni ree mbili zilizobaki: chini ya asilimia 5. Tupa, ingawa theluthi mbili ya mtaji wako imeshakwenda.

Shida ni kwamba yakini ya namna hiyo ni adimu. Ukishuku tu kwamba mara moja katika sita anakutishia bure, bei inakulazimisha kufuata. Kwa hiyo uamuzi wenyewe ulikuwa nyuma, kabla ya zile 2,400. Matt Flynn, Sunny Mehta na Ed Miller, katika kitabu chao Professional No-Limit Hold'em cha mwaka 2007, wanaweka kizingiti karibu na theluthi moja ya mtaji: kabla hujakivuka, jua kama utakwenda hadi mwisho. Wewe ulikuwa umetoa 1,600, na dau lile lilikurusha hadi 4,000. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Basi yapime kina ungali umevaa.

Kama jibu ni hapana, pitisha zamu bila kuweka kitu, au weka dau dogo linalokuachia nafasi ya kutoka. Kama jibu ni ndiyo, usisubiri kusukumwa. Ukiwa na zile kopa nne, sukuma 4,400 zako mwenyewe kwanza. Anayefuata hushinda kwa karata peke yake. Anayesukuma hushinda kwa karata, na hushinda pia mpinzani anapotupa zake.