Mng'ao wa Rimu Uko Kwenye Klia

Rimu ya alumini ikianza kufifia, watu wengi hukimbilia kitu kikali: sabuni ya unga na stili waya, maji ya betri, hata dawa ya kutolea madoa chooni. Mantiki yao inaeleweka, maana sufuria ya alumini jikoni hung'aa kadiri inavyosuguliwa. Lakini rimu nyingi za magari ya leo hazikuachwa wazi kama sufuria. Juu ya alumini kuna tabaka la vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi rangi huiita klia, na mkono wa mwoshaji huishia hapo. Anayesugua rimu anasugua plastiki ngumu ambayo kwa kawaida unene wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kiwanda kina sababu ya kuipaka. Alumini ikikutana na hewa hujivika mara moja utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo ndio unaoizuia isiliwe, na hukaa salama katika maji yasiyo na ukali, kuanzia pH 4 hivi hadi 8 na kidogo. Ukishuka chini ya hapo tindikali huuyeyusha. Ukipanda juu, alkali kama kostiki soda nayo huuyeyusha. Chumvi nayo ina mbinu yake: kloridi hutoboa utando sehemu ndogondogo na kuacha vishimo. Gurudumu hupitia vyote hivyo kwa wiki moja ya matope, joto na sabuni. Bila klia, rimu iliyong'arishwa vizuri hugeuka kijivu upesi.

Adui mwingine anatoka kwenye gari lenyewe. Kila unapokanyaga breki, pedi huikwangua diski, ambayo ni ya chuma, na vumbi laini la chuma hurushwa likiwa la moto. Ndiyo maana rimu za mbele huwa nyeusi kuliko za nyuma: gari likifunga breki uzito huegemea mbele, na breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Chembe hizo hujigandisha juu ya klia, zikapata unyevu, zikashika kutu na kung'ang'ania hapo. Vile vidoa vya rangi ya kahawia ambavyo sabuni haivitoi si kutu ya rimu, kwa sababu alumini haitoi kutu nyekundu. Ni kutu ya diski iliyohamia kwenye rimu.

Kwa vidoa hivyo ipo kemikali inayofaa. Dawa za kuondoa vumbi la breki ambazo hugeuka zambarau zikipuliziwa huwa na thioglikoleti, kemikali ile ile iliyomo katika dawa za saluni za kukunja nywele, na harufu yake mbaya ya salfa hutambulika mara moja. Thioglikoleti huishika chembe ya chuma na kuifanya iyeyuke katika maji. Rangi ya zambarau hutokea pale ilipokutana na chuma, kwa hiyo rimu isiyo na vumbi la chuma haibadilishi rangi hata ukiimwagia chupa nzima. Dawa nyingi za aina hii zina pH iliyo karibu na ya maji, nazo huiacha klia salama mradi zisuuzwe kabla hazijakauka.

Dawa za tindikali ni hatari ya aina nyingine. Baadhi ya dawa kali za rimu huwa na tindikali ya haidrofloriki au chumvi zake. Hii hupenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, kisha huifunga kalsiamu ya mwili, na ikiingia kwa wingi inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Haifai kushikwa na mtu asiye na glavu, miwani na mafunzo. Hata tindikali za kawaida, kama zile za kusafishia choo, zikipita kwenye mkwaruzo wa klia hushambulia alumini iliyo chini na kuacha baka jeupe lisilosafishika.

Kazi yenyewe basi huanza kwa subira. Acha rimu ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu, kwa sababu kwenye joto dawa hukauka haraka, hubaki nzito zaidi na kuacha madoa. Suuza kwa maji mengi ili mchanga uondoke kabla ya kitambaa kugusa chochote. Osha kwa shampuu ya gari na brashi laini, pulizia dawa ya chuma, suuza tena, kausha.

Sasa ndipo unapoweza kuuliza swali linaloamua yaliyobaki: klia bado ni nzima? Chukua kitambaa cheupe, weka polishi kidogo, sugua sehemu ndogo. Kama rimu imeoshwa vizuri na kitambaa kinabaki karibu cheupe, unagusa klia. Kikigeuka cheusi tii, unagusa alumini tupu, maana alumini ikisagwa laini sana huonekana nyeusi, na oksidi yake hutoka pamoja nayo.

Klia ikiwa nzima, ufifiaji ni suala la mwanga. Mikwaruzo midogo hutawanya mwanga kila upande badala ya kuurudisha kwa mpangilio, na jicho huona ukungu. Polishi husawazisha kingo za mikwaruzo hiyo kwa kula klia kiasi kidogo sana. Unga unaofanya kazi hiyo mara nyingi ni oksidi ya alumini, ambayo ni ngumu kuliko alumini yenyewe kwa mbali. Ila klia inayoliwa hairudi, kwa hiyo polishi si kazi ya kila wiki. Malizia kwa nta, ili vumbi la breki likose pa kushika.

Klia ikiwa imeshapasuka, mambo hubadilika. Tazama karibu na mkwaruzo wa ukingo wa barabara, au pembeni ya risasi za kubalansi: utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikijipinda chini ya klia. Kichwa cha uzi kina maji ya chumvi yaliyopungukiwa na oksijeni, nacho hula alumini kikisonga mbele. Mkia ni unga mweupe uliobaki nyuma, unaoinua klia. Hali hii hustawi palipo na chumvi na unyevu, yaani Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar mwaka mzima. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua hutoka Japani, na yale yaliyopita majira ya baridi Hokkaido yametembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Rimu zilizochongwa uso kwa mashine hadi zikameta huathirika zaidi, kwa kuwa klia yake hukaa juu ya alumini bila rangi katikati, na kwenye kingo kali huwa nyembamba.

Hapo hakuna polishi itakayosaidia, kwa sababu ugonjwa uko chini ya klia. Klia ya zamani itolewe, unga mweupe upigwe msasa wote, kisha praima, rangi na klia mpya. Klia ya kuchanganya na hadna huwa na isosianeti, ambayo inaweza kumletea fundi pumu ya kudumu; barakoa ya kitambaa haimkingi, anahitaji inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Ukinunua gari, kagua nyuzi hizo kabla ya kusifia mng'ao. Na rimu ikikwaruzwa leo, osha, kausha na uzibe mkwaruzo kwa klia wiki hii hii. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka rimu upya.