Smokey Yunick: Fundi aliyewatoa jasho wakaguzi wa NASCAR

KAMA wewe ni shabiki wa soka, ujanja unaujua. Kipa anajiangusha dakika ya 88 anashika paja. Beki anaiba mita tano kwenye mpira wa kurusha. Kocha anakesha na kitabu cha kanuni, na wala hatafuti alichokatazwa. Anatafuta kile ambacho walioandika walikisahau.

Sasa uchukue ujanja huo uupeleke gereji, kwenye spana na mashine ya kuchomelea. Utakutana na Henry Yunick, Mmarekani ambaye kila mtu alimwita Smokey.

Jamaa alizaliwa 1923. Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa B-17, yale madege makubwa ya mabomu. Vita ilipoisha akafungua gereji Daytona Beach, Florida, na nje akaweka kibao cha kujisifu kuwa hiyo ndiyo gereji bora mjini. Hakuwa anaongopa sana. Marvin Panch alibeba Daytona 500 ya 1961 na gari la Smokey. Mwaka uliofuata Fireball Roberts akashinda na gari lililoandaliwa na Smokey huyo huyo.

WABEBA POMBE USUKANI
Mbio za NASCAR zilianza rasmi 1948 chini ya Bill France, naye wa hapo hapo Daytona. Wazo lilikuwa jepesi: watu washindane na magari ya kawaida, yale ambayo hata shabiki anaweza kuyanunua dukani.

Shida ni nani walioitwa kushindana. Baadhi yao walijifunza mwendo usiku, wamepakia pombe haramu kwenye buti, wanawakimbia maofisa wa kodi milimani. Yaani piga picha ya mbeba gongo, lakini ana injini iliyochezewa na barabara anaijua kwa kichwa. Junior Johnson, mmoja wa madereva wakali wa enzi hizo, alikamatwa 1956 kwenye mtambo wa pombe wa baba yake akafungwa. Alipotoka akarudi kwenye mbio kama kawaida.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kitabu cha kanuni, anakisoma kama ramani ya kutorokea.

BOMBA LA MITA TATU
Kanuni ilisema tangi la mafuta lisizidi galoni 22, kama lita 83 hivi. Smokey akaweka tangi la kipimo hicho hicho. Ila kanuni haikusema lolote kuhusu bomba la kupeleka mafuta kwenye injini. Basi yeye akatengeneza bomba la futi 11, zaidi ya mita tatu, lenye upana wa inchi mbili.

Wasimuliaji wanasema bomba hilo lilibeba galoni tano. Nimepiga hesabu mwenyewe, bomba la vipimo hivyo linabeba karibu lita saba tu. Lakini usizidharau. Mzunguko mmoja wa Daytona ni kilomita nne, na kwa gari linalokula lita moja kila kilomita mbili, lita saba ni mizunguko mitatu. Wenzako wanakimbilia kujaza mafuta, wewe bado unakata upepo.

Gari lake aina ya Chevelle ndilo lililowauma wengi. Kwenye Daytona 500 ya 1967, Ford na Chrysler walikuja na timu za kiwanda, hela nje nje. Smokey akaja na Chevelle yake na dereva Curtis Turner. Turner akachukua nafasi ya kuanza mbele ya wote kwa mwendo wa maili 180.8 kwa saa, karibu kilomita 291. Siku ya mbio injini ikafa na Mario Andretti akashinda na Ford, lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Mwaka uliofuata alirudi na Chevelle nyingine. Hapo ndipo inapotoka ile stori inayosimuliwa mpaka leo: wakaguzi wakalifungua gari, wakashusha tangi, wakamkabidhi orodha ya makosa tisa. Smokey akaingia kwenye gari, akawasha, akawaambia waongeze la kumi, akaondoka nalo kuelekea gereji kwake huku tangi likiwa limeshashushwa. Wapo wanaosema imetiwa chumvi. Ila gari hilo halikukimbia Daytona, na hilo halibishaniwi.

KANUNI ZA KUCHAGUA SIKU
Msidhani Smokey alikuwa peke yake. Agosti 1966 pale Atlanta, Junior Johnson, sasa akiwa mmiliki wa timu, alileta Ford ya njano iliyokatwa paa, kioo cha mbele kimelazwa na mkia umenyanyuliwa. Watu wakaiita Ndizi ya Njano. Gari la kawaida gani hilo? Wakaguzi wakalipitisha. Chevelle ya Smokey nayo ikapita. Magari mengine yakakataliwa siku hiyo hiyo.

Sababu ilikuwa viingilio. Ford walikuwa wamesusa mbio msimu huo, majukwaa yalikuwa yamepwaya, waandaaji walihitaji majina ya kurudisha watu. Kanuni ikalegezwa kwa siku moja, kisha ikakazwa tena.

Darrell Waltrip, bingwa mara tatu, amesimulia mwenyewe jinsi gari lake lilivyojazwa goroli ndogo za risasi kwenye fremu ili lifikishe uzito kwenye mizani. Mbio zikianza anavuta waya, goroli zinamwagika barabarani, gari linabaki jepesi. Na Oktoba 1983, Charlotte, Richard Petty alishinda na injini iliyozidi kipimo na matairi yaliyofungwa upande usioruhusiwa. Akapigwa faini ya dola 35,000 na kukatwa pointi 104, ila ushindi akaachiwa. Ni kama refa akubali goli la mkono, halafu mfungaji atozwe faini Jumatatu.

Mwisho NASCAR ikatumia akili. Mwaka 1992 ikampa Gary Nelson, fundi aliyesifika kwa ujanja huo huo, kazi ya kusimamia ukaguzi. Mwizi wa kuku ndiye anayejua tundu la banda lilipo. Hata soka ndivyo ilivyokuwa mwaka huo huo: timu zilizoea kumrudishia kipa mpira adake ili kuua muda, kanuni mpya ikaja kuzima mchezo huo.

MOTO WA CHARLOTTE
Kama stori ingeishia hapo, tungecheka tukaenda zetu. Lakini kuna Mei 24, 1964.

Siku hiyo, Charlotte, magari ya Junior Johnson na Ned Jarrett yaligongana mapema kabisa. Fireball Roberts, aliyekuwa amehamia timu nyingine, akajaribu kuwakwepa. Gari lake likapiga ukuta, likapinduka, mafuta yakalipuka. Jarrett ndiye aliyemvuta kutoka kwenye moto. Fireball alifariki Julai 2, baada ya zaidi ya mwezi mmoja hospitali.

Alikuwa rafiki wa Smokey. Kuanzia hapo fundi huyu aligombana na Bill France kuhusu usalama wa madereva, na mara nyingi alishindwa. Miaka hiyo ya 1960 alishatengeneza ukuta wa kupunguza kishindo, matairi chakavu yaliyobanwa katikati ya mbao. NASCAR haikuutumia. Mwaka 1970 akaondoka zake.

Hapo ndipo ninapokwama nikiambiwa Smokey alikuwa tapeli tu. Aliiba lita saba za mafuta, sawa, na wakaguzi walizitafuta kwa tochi. Alipoleta ukuta wa kuokoa watu, hakupata wa kuukagua.

Februari 18, 2001, mzunguko wa mwisho wa Daytona 500, Dale Earnhardt aligonga ukuta wa zege akafariki. Smokey naye alifariki Mei mwaka huo, akiwa na miaka 77. Mwaka 2002 uwanja wa Indianapolis ukafunga kuta mpya za chuma zenye povu gumu nyuma yake, za kumeza kishindo. Viwanja vya NASCAR vikafuata kimoja baada ya kingine.