Gobore la shambani: Maji ya moto yashinda mafuta ya taa

KWA mkulima wa Nalasi, wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, msimu wa mvua una kazi mbili. Mchana ni palizi, usiku ni kulinda. Mahindi yakianza kubeba na mihogo ikijaa ardhini, nguruwe pori nao huingia, na kundi moja likipata nafasi huacha sehemu kubwa ya shamba imefukuliwa. Ndiyo maana katika vijiji vya kusini gobore bado huhesabiwa kama zana ya shamba, sawa na jembe na panga.

Tofauti ni kwamba jembe likiachwa chafu hushika kutu tu. Gobore likiachwa chafu au likiziba, laweza kumpasukia mwenyewe mkononi.

Silaha hii haikubaki vijijini kwa bahati. Katika karne ya 19 misafara ya Wayao ilipeleka Kilwa pembe za ndovu na watumwa, ikarudi na nguo, bunduki na baruti. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Wakubwa wa Ulaya waliamua Mwafrika abaki na silaha dhaifu, na wajukuu wake bado wanaisugua.

Na wengi wanaisugua vibaya. Kosa kubwa ni kutumia mafuta ya taa au dizeli. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi yenye chumvi, na chumvi hiyo hunyonya unyevu hewani. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Yanaifunika tu, na kutu inaendelea kula chuma chini yake. Kinachoiyeyusha ni maji. Katika unyevu wa masika, bunduki iliyopigwa jioni isilale bila kuoshwa.

Kabla ya yote, mwenye gobore ahakikishe halina kitu ndani. Njia rahisi ni kuweka alama kwenye mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Mtutu ukiwa mtupu kabisa, mdeki uingizwe hadi mwisho na kukatwa alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Siku nyingine alama ikibaki juu ya mdomo, ndani kuna kitu: baruti na risasi, kitambaa, au udongo wa nyigu. Nyigu hupenda sana mtutu uliosimamishwa pembeni ya nyumba miezi kadhaa. Alama hiyo haigharimu hata senti.

Mtutu ukishathibitika kuwa mtupu, fataki iondolewe na chuchu inayoibeba ifunguliwe, ikiwa inafunguka. Yamiminwe maji ya moto yenye sabuni kidogo, kitambaa kilichofungwa vizuri kwenye mdeki kipandishwe na kushushwa hadi maji yatoke meupe. Kisha maji ya moto matupu ya kusuuza. Moto wa maji una faida yake: chuma kikipata joto hukauka haraka. Tundu la chuchu lisafishwe kwa waya mwembamba. Vipitishwe vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu, ndipo yapakwe mafuta mepesi, hata ya cherehani. Kabla ya kushindilia tena mafuta hayo yafutwe, maana hulowesha baruti.

Kuziba ndiko kwenye hatari zaidi. Risasi iliyokwama katikati ya mtutu bila kuigusa baruti ni kizibo, na gobore likifyatuliwa hivyo mtutu hupasuka. Ni hivyo hivyo kwa aliyesahau kuwa ameshashindilia akashindilia mara ya pili.

Fataki ikilia bila bunduki kulia, mdomo wa mtutu ubaki umeelekezwa pasipo na mtu kwa dakika moja au zaidi, kwa kuwa moto waweza kuchelewa ndani. Asiwepo wa kuchungulia wala kupuliza. Risasi iliyokwama isigongwe kwa nyundo, na mtutu usiwekwe kwenye makaa ili "kuyeyusha" uchafu. Hapo baruti iliyobaki hulipuka. Linaloweza kufanywa nyumbani ni kumimina maji kupitia tundu la chuchu ili kulowesha baruti, kisha kumfikishia tatizo fundi wa silaha mwenye kibali au kuomba msaada polisi. Hata ikilowa isiaminiwe, kwani ikikauka yaweza kuwaka.

Hapo wengine husita, kwa sababu gobore lao halina leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai leseni kwa mmiliki, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Matokeo yake, silaha iliyofichwa ndiyo isiyopata fundi, na ndiyo inayopasuka. Kwa hesabu ya shamba tu, kipande cha sabuni na birika la maji ni bei ndogo mno ukilinganisha na mkono uliopotea wakati korosho zinasubiri kuokotwa, kila kibarua anataka kulipwa na mwenye shamba hawezi kuinama.

Kwa tembo wanaopita ushoroba wa Selous hadi Niassa nchini Msumbiji, gobore hata likiwa safi halifai. Risasi yake humjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima. Huko wakulima hutumia uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki. Uharibifu wake huripotiwa kwa uongozi wa kijiji na idara ya wanyamapori wilayani mapema, kabla alama za nyayo hazijafutwa na mvua, ili maombi ya kifuta jasho chini ya kanuni za mwaka 2011 yawe na ushahidi.