Msitu mmoja, sheria tatu: kuingia taiga ya nchi jirani

Ukivuka mpaka kutoka Uswidi kwenda Norwei au Ufini, msitu haubadiliki. Ni taiga ileile ya misonobari, mibetula na vinamasi, ukanda unaoendelea hadi Siberia na, ng'ambo ya bahari, hadi Alaska na Kanada. Kinachobadilika ni sheria, hasa sheria ya moto, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Nchi zote tatu humpa kila mtu, raia kwa mgeni, haki ya kutembea msituni, kuchuma beri na uyoga, na kulala hemani usiku mmoja, hata kama ardhi ina mwenyewe, mradi asikaribie nyumba wala kuharibu kitu. Uswidi iliitaja haki hiyo katika katiba yake mwaka 1994. Hata hivyo, haki hiyo haimruhusu mtu kukata mti hai, kuvunja matawi yake au kubandua ganda jeupe la mbetula, hata kama ganda hilo hushika moto upesi.

Kuhusu moto, Uswidi humruhusu mtu kuuwasha kwa uangalifu, isipokuwa pale ambapo marufuku imetangazwa. Nchini Ufini, moto wa wazi huhitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Na idara ya hali ya hewa ikitoa tahadhari ya moto wa msitu, hata ruhusa hiyo haitoshi. Norwei hupiga marufuku moto ndani ya misitu na karibu nayo kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba, ila pale ambapo ni dhahiri kwamba hauwezi kuenea.

Ukali huo una sababu yake. Kwa kuwa baridi huchelewesha kuoza kwa majani, ardhi ya taiga hujifunika tabaka nene la mabaki ya mimea. Kiangazi kikiwa kikavu, tabaka hilo huwa kuni. Kaa moja huweza kutambaa chini kwa chini, kati ya mizizi, na kuibuka siku kadhaa baadaye mbali na pale ulipokota. Mwaka 2014, cheche iliyotokana na mashine ya kazi za misitu katika jimbo la Västmanland, Uswidi, iliteketeza zaidi ya hekta 13,000 na mtu mmoja akafariki. Mwaka 2018 ziliungua takriban hekta 25,000, na ndege za kuzima moto zikaletwa kutoka Italia na Ufaransa.

Kwa hiyo tumia meko yaliyokwisha kujengwa. Usiwashe moto juu ya mwamba, kwani joto huupasua na kovu lake halifutiki. Unapoondoka, mwaga maji, koroga majivu, gusa kwa mkono, kisha mwaga tena.

Chunga pia unapokanyaga likeni, ile ya kijivu inayofunika ardhi kama povu. Hukua milimita chache tu kwa mwaka, na ikikauka huvunjika chini ya kiatu. Wakati wa baridi ndiyo chakula kikuu cha renidia, na kwa Wasami wanaowafuga wanyama hao, eneo lililokanyagwa hovyo ni malisho yaliyopotea kwa miaka mingi.

Wengi huogopa dubu, ilhali adui wa karibu zaidi ni unyevu. Mwili huweza kupoteza joto kwa hatari hata pasipo barafu. Nyuzi 10, mvua na upepo vinatosha. Nguo za pamba zikilowa hazikingi tena baridi. Vaa sufu, na ubebe mkeka mdogo wa kukalia. Mtu akianza kutetemeka na kuongea kwa shida, mvue nguo zilizolowa na umfunike. Kutetemeka kukikoma naye bado ni baridi na amechanganyikiwa, hali imezidi kuwa mbaya. Maisha yakiwa hatarini kweli, sheria za nchi hizi huitambua dharura, na hakuna atakayemlaumu aliyekata matawi ili kumkinga mwenzake.

Kuhusu uyoga, nasema bila kusita: usiamini ulichojifunza nyumbani. Uyoga uliokuwa chakula kwenu huenda ukafanana na wa hapa wenye sumu. Upo mmoja wa rangi ya kahawia na chungwa ambao huharibu figo. Dalili zake huweza kuchelewa siku kadhaa, na kuupika hakuondoi sumu.

Ukipotea, simama. Anayeendelea kutembea hupanua eneo la kutafutwa. Weka simu mfuko wa ndani, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri. Uswidi na Ufini, piga 112 kwa msaada wowote. Ufini ina pia programu ya 112 Suomi, ambayo huwapa waokoaji mahali ulipo unapopiga simu kupitia kwayo. Norwei imegawa namba: 110 zimamoto, 112 polisi, 113 gari la wagonjwa. Aliyepotea msituni Norwei hupiga 112.