Uji mwepesi hushibisha tumbo, lakini haumkuzi mtoto

Mtoto akikaribia miezi sita, kitu cha kwanza kinachotafutwa katika nyumba nyingi ni unga wa lishe. Mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, soya na karanga huchanganywa na kupelekwa mashineni. Kuanzia hapo asubuhi ni uji, mchana uji na jioni uji. Mtoto anashiba na kulala vizuri, lakini akipelekwa kliniki mstari wa uzito kwenye kadi haupandi.

Si lazima nyumba hiyo iwe na njaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania, 30 wamedumaa. Iringa iliongoza, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa wamedumaa, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hii ni mikoa inayovuna chakula kwa wingi. Ghala linaweza kujaa na mtoto akadumaa, kwa sababu ya maradhi, mazingira machafu na namna anavyolishwa.

Nafaka tano, kundi moja

Mahindi, ulezi, mtama, mchele na ngano vyote ni nafaka. Kuvichanganya hakumpi mtoto mlo kamili, kwani vyote ni kundi moja la chakula. Soya na maharage huchelewa kuiva kuliko nafaka, na vikisagwa vibichi pamoja huweza kumsumbua mtoto tumbo. Karanga zilizosagwa huharibika haraka, na zikihifadhiwa vibaya hupata ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara.

Ni salama zaidi kusaga nafaka moja au mbili zilizochambuliwa na kukauka vizuri, kisha vyakula vingine kuongezwa wakati wa kupika.

Tumbo dogo, chakula kizito

Tumbo la mtoto wa miezi minane hubeba takriban mililita 200, chini ya glasi moja. Likijazwa uji mwepesi, sehemu kubwa ni maji. Kipimo ni rahisi: uji unaofaa hukaa kwenye kijiko kikiinamishwa, hautiririki. Uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni mwepesi mno, na chupa yenyewe ni ngumu kusafisha. Kikombe na kijiko vinatosha.

Uji huo uongezewe maziwa yaliyochemshwa, kijiko kidogo cha mafuta, au unga wa dagaa waliosafishwa na kukaangwa. Lakini usiwe chakula pekee. Ndizi, viazi lishe au boga lililopondwa vinaweza kuchanganywa na maharage yaliyochujwa maganda, samaki asiye na miiba, au maini yaliyoiva na kusagwa. Yai lililoiva vizuri nalo linafaa tangu miezi sita. Vyakula hivi vina umuhimu kwa sababu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto hupungua katika umri huo. Mchicha, parachichi, papai na embe vikamilishe mlo.

Kiasi gani, mara ngapi

Kwa mtoto anayenyonya, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri hivi:

- Miezi 6 hadi 8: mara 2 hadi 3 kwa siku. Aanze na vijiko 2 au 3 vya chakula, aongezewe hadi nusu kikombe cha mililita 250.
- Miezi 9 hadi 11: mara 3 hadi 4, nusu kikombe cha chakula, kikiwa kimepondwa au vipande laini anavyoweza kushika.
- Mwaka 1 hadi 2: mara 3 hadi 4, robo tatu hadi kikombe kizima cha chakula cha familia.

Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Vya kuepuka

Asali haifai kabla ya mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba vijidudu hatari. Chai hupunguza madini ya chuma mwilini, na soda na juisi za dukani humjaza mtoto sukari. Karanga nzima na bisi huweza kumkaba. Chakula kilichokaa muda mrefu nje kisipewe mtoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha.

Mama anayekwenda kazini amwelekeze dada wa nyumbani, au bibi, kwa vitendo: uzito wa uji, kikombe cha kupimia, na kutomlazimisha mtoto. Anayekataa chakula kipya leo anaweza kukikubali akipewa tena baada ya siku kadhaa.

Mstari wa uzito ukilala au kushuka, mzazi asisubiri mwezi mwingine. Amwone mhudumu wa kliniki mapema na amweleze kila anachokula mtoto kuanzia asubuhi hadi usiku.