Baina ya Shimo na Shimo

Mwaka 1951, mhandisi wa Afrika Kusini Danie Krige, baada ya kuzichungua hesabu za migodi ya Witwatersrand, aliandika tasnifu iliyofichua jambo lililokuwa likiwahasiri wenye migodi: kwamba sehemu ya mwamba ambayo sampuli zake zimeonyesha dhahabu nyingi, aghalabu ikichimbwa hutoa pungufu, na ile iliyodhaniwa fukara hutoa zaidi ya ilivyodhaniwa. Baadaye Mfaransa Georges Matheron akaijengea fikira hiyo misingi ya hisabati, kila sampuli ikapewa uzito kwa kadiri ya masafa yake na ya jinsi mwamba wa eneo lile unavyofanana kwa karibu na kuachana kwa mbali. Na kila kadirio likafuatana na kipimo cha shaka yake.

Geita, penye migodi ya dhahabu nchini Tanzania, panahitaji elimu hiyo. Mwamba uliochorongwa hutoka mviringo kama mchi, hupasuliwa kwa msumeno, nusu ikaenda maabara na nusu ikabaki sandukuni. Walakini chembe moja ya dhahabu ikiangukia upande huu, nusu mbili zilizokuwa kitu kimoja zitatoa majibu mawili. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, huko huko Geita, wanalijua hilo bila tasnifu: duara hili, yaani shimo, limetema dhahabu, la jirani ni mawe matupu.

Sasa swali lile lile, la kukadiria kilichoko baina ya sehemu zilizopimwa, limehamishwa kutoka miamba hadi kwa watu, kwani wadadisi wa kaya hufika vijiji vichache na kuviacha vingi baina yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakishughulikia Tanzania na nchi nyingine nne za Afrika, waliifunza kompyuta kutazama picha za setilaiti za mchana, kwanza ikisie mwanga wa usiku, kisha yale iliyojifunza, barabara, mashamba na majengo, yatumike kukadiria matumizi ya kaya; kwani mwanga peke yake hauwatenganishi maskini na walio maskini zaidi.

Nami naona tahadhari hiyo kuhusu mwanga ina uzito wa pekee katika nchi ya migodi, ambako taa za mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, au za mgodi wa Geita huweza kuwaka usiku kucha kando ya kijiji kisicho na umeme. Kwa hiyo, kama kadirio la madini linavyofuatana na kipimo cha shaka yake, ramani ya umaskini itakayopelekwa halmashauri ya Kishapu ingefaa iambatane na ya pili, inayoonyesha ni wapi kadirio limesimama juu ya kaya zilizohojiwa, na ni wapi limesimama juu ya picha tu.